Chumvi Ileile

Jumatatu, 5 Februari 2024

Baba amesema tena. Maneno yaleyale mawili: "Kwa mama." Tangu AVC, kile kiharusi cha Novemba, amebaki na maneno ya kuhesabu kwa vidole — ndiyo, hapana, maji, na haya mawili. Na zamani aliongea kuliko redio! Sasa nikimvalisha shati: kwa mama. Nikimlisha uji: kwa mama. Docteur alituonya kwamba maneno yatatoka kwa taabu, tena ovyo ovyo, bila mpango.

Yaya Domi, kaka yangu mkubwa, alikuja saa kumi na mkate. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasikia kwa masikio yake. Alitoka kwenda barazani kufuta macho. Kwake mambo yako wazi: baba anataka kurudi Mitwaba alikozaliwa, kwenye kaburi la kambo, bibi yetu, akafie karibu na mama yake. "Muzee akianza kuita mama yake, Virgi, juu ya nini tungojee tena?" Kumbe ameshaongea na mwenye camion, lori la mizigo! Jumamosi tarehe 17. Baba atalazwa nyuma, juu ya matela, godoro lake la kitandani.

Mitwaba! Kwa mvua hizi! Camion zinakwama kwenye tope siku nne, siku tano. Docteur alisema wazi: baba anameza vibaya, asitikiswe, asikauke. Nikamwambia Domi atafikisha maiti. Akasema mimi namng'ang'ania baba, nataka kumweka hapa Kasungami kama kabati. Hilo liliniuma. Nililia jikoni huku nikimenya viazi.

Na kama kweli anataka? Mimi ni nani wa kumkatalia mama yake? Nimebakiza siku kumi na mbili za kujua.

Jumatano, 7 Februari

Kesho nina darasa la tano la sekondari. Somo: kwa nini maji mengine yanapitisha umeme na mengine hayapitishi. Shule haina vifaa, kwa hiyo nimefanya kama siku zote — nimekusanya piles, betri kubwa za tochi zilizokufa, nikazipasua kwa kisu mezani ili nitoe zile fimbo nyeusi za katikati.

Harufu ya ule unga mweusi! Kwa mawazo nilirudi Likasi mara moja, mji tulikokulia. Kambi ya wafanyakazi, nyumba namba 214, Jumapili baada ya misa. Baba na kisu hikihiki, mimi na Domi tumepiga magoti juu ya viti. Mama analalamika kwamba tunamchafulia nappe, kitambaa chake cha meza. Fimbo mbili ndani ya glasi ya maji ya mvua, waya, piles mpya tatu, na balbu ndogo ya tochi. Balbu kimya. Baba anatutazama kama mchawi. "Munaona? Maji ya bure haibebe kintu. Mama Domi, leta munyu!" Mama analeta chumvi huku akinung'unika. Vijiko viwili, baba anakoroga — na balbu inaamka! Kila Jumapili tulipiga kelele kana kwamba ni mara ya kwanza.

Alifanya kazi kwenye salle ya electrolyse, mabeseni makubwa ya asidi ambamo shaba inatolewa kwenye maji. Hakumaliza shule. Lakini mambo niliyokuja kuyasoma chuo kikuu miaka mitano, yeye alikuwa amenipa nikiwa na miaka saba: "Mu waya, courant inatembea yeye moya, hauone kintu. Mu maji, ni bantu njo banatembea, kila mutu na muzigo yake." Hao bantu ni ioni. Sijawahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Ovaroli zake zilikuwa na matundu kama chujio. Asidi. Mama alishona kiraka juu ya kiraka, mwishowe ikawa ovaroli ya viraka vitupu.

Mama. Nimeliandika neno hili na kalamu imesimama. Sina mazoea nalo. Aliondoka mwaka 1997. Kazi kiwandani ilikuwa imelegea, akaanza safari za Kasumbalesa, mpakani, kuuza. Akarudi kila juma, kisha kila mwezi, kisha basi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilipika mimi, nilifua mimi. Sasa ana nyumba yake Naviundu, hapahapa mjini, na sijakanyaga. Domi huenda sikukuu. Baba alikataza jina lake lisitajwe nyumbani. Nasi tukatii — mimi nilitii kwa furaha.

Haya. Kazi.

Alhamisi, 8 Februari

Somo limekwenda vizuri! Nimeuliza: maji yanapitisha umeme? Darasa zima: "Ndiyooo!" Kila mtu ana mjomba aliyerushwa na courant akiwa miguu imelowa. Nikatoa maji ya betri niliyonunua garage, yale safi kabisa. Nikachovya fimbo. Balbu kimya. Wakacheka, wakadhani piles zangu zimekufa. Nikatia sukari, vijiko vitatu. Kimya. Wakaguna. Glasi nyingine, chumvi — pah! Mmoja nyuma akapiga makofi.

Nikawaeleza. Sukari inayeyuka lakini inabaki nzima, kila punje yake ndogo haina chanya wala hasi, umeme haujali. Chumvi ikiingia majini inaachana: sodiamu upande wake, klorini upande wake. Moja chanya, moja hasi. Ukiweka fimbo mbili, chanya inaelekea kwenye hasi, hasi inaelekea kwenye chanya, na kutembea kwao huko ndiko umeme wenyewe. Ukizidisha chumvi, wabebaji wanaongezeka, balbu inang'aa zaidi. Tukajaribu pia maji ya kisima cha shule. Balbu iliwaka kidogo tu, kwa uvivu.

Syntiche, yule wa dawati la mbele anayeuliza kila kitu: "Madame, zikishaachana, zinaweza kurudiana?" Nikamjibu: ukiyakausha maji, ndiyo, unapata chumvi yako kama ilivyokuwa. Akaandika. Kisha akauliza kama zinajua zinatafutana. Darasa likamcheka. Mimi pia nilicheka, lakini nimelifikiria swali hilo katika taxi mpaka nikapitishwa kituo changu.

Jumamosi, 10 Februari

NIMEPATA! 

Leo nilitaka kumfurahisha baba. Nilikuwa na kopo la sulfate ya shaba, ile ya bluu, la kuonyesha wiki ijayo. Nikamsogeza kwenye kiti mpaka mezani, nikamtengenezea kama alivyotutengenezea sisi. Fimbo mbili, maji ya bluu, piles. Aliinama. Jicho moja bado linachelewa, lakini lile jingine! Tulingoja robo saa hivi. Nikatoa fimbo ya upande wa hasi. Imevaa shaba, nyekundu, mpya.

Baba akainua mkono mzima akaigusa. Akasema: "Mama."

Nikakaa chini. Kwa sababu nilikumbuka! Kule salle walikuwa na bamba kubwa zilizoitwa plaques-mères, yaani bamba-mama. Nani ana muda wa kusema plaque-mère siku nzima? Walisema mama. Shaba iliyomo majini inamwendea mama, inamshika, baada ya siku moja unaibandua, karatasi nyembamba ya shaba — huyo ni mutoto. Mutoto anapelekwa beseni lingine kunenepa. Mama lazima apakwe mafuta kwanza, la sivyo mutoto anakataa kutoka. Baba alikuwa mbanduaji, miaka kumi na mmoja. Na zamu hiyo waliiitaje? "Juma hii niko kwa mama." Nilisikia sentensi hiyo utoto wangu wote! Jirani wakiulizana langoni: we uko wapi? Mi niko kwa mama.

Kwa hiyo si Mitwaba. Si kaburi. Muzee anataka kazini!

Jumapili, 11 Februari

Nimemweleza Domi baada ya misa. Alicheka kwanza. Halafu hakucheka tena.

"Weye na ma chimie yako! Papa iko nalilia mama yake, we unaniambia ni plaque?" Nikamwambia nimeona kwa macho yangu. Akasema mtu aliyepata AVC akionyeshwa mbuzi anaweza kusema mama. Kisha akasema neno lililonikata maini: mimi nilimpenda baba wa salle, yule wa glasi na balbu, na yeye alimpenda baba wa Mitwaba, aliyekuwa akimpeleka likizo kwa kambo, kukamua chumvi kutoka kwenye majivu ya majani. Kila mmoja anamvuta upande wake.

Nilikuwa nimesahau chumvi ya kambo! Kikapu kilichotobolewa, majivu ndani, maji yakidondoka rangi ya chai. Mimi nilikwenda mara moja tu, nikaugua malaria, sikupelekwa tena. Domi alikwenda kila mwaka. Nimemwonea wivu hadi leo, na leo nimemwambia. Akanishika bega. Lakini camion iko palepale, Jumamosi.

Jumanne, 13 Februari

Chancelvie, mwanafunzi wangu wa zamani, yuko laborantine, fundi wa maabara, kwenye kiwanda kimoja kipya barabara ya Likasi. Wageni hawaingii. Lakini alinirekodia video dakika tatu: salle nzima, mamia ya bamba zikining'inia, crane inazipandisha zikitiririka bluu. Siku hizi mama ni wa chuma cha pua, na mashine ndiyo inabandua.

Nilimwonyesha baba jioni kabla ya uji. Alitazama yote. Kwenye crane alicheka — nilisikia sauti yake ya kweli! Akatikisa kidole kwa wale vijana waliopita karibu na mabeseni bila miwani. Akaitazama tena, na tena, mara nne. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nilishaanza kutunga SMS ya Domi.

Halafu akarudisha simu mikononi mwangu. "Hapana," akasema. Polepole. "Kwa mama."

Sikutuma SMS. Basi Domi yuko sawa.

Jumatano, 14 Februari. Majivu

Katekista alipita kumpaka baba majivu nyumbani, akaenda zake. Domi alikuwepo. Baba alitulia, paji la uso jeusi, akamkazia Domi macho kwa muda mrefu. Akajitahidi. Mdomo ulipinda. "Domi," akasema.  Akavuta pumzi. "Mama."

Domi akapiga magoti. "Mi njo huyu, papa. Nitakupeleka kwa mama. Nitakupeleka."

Baba akafumba macho. Chozi likateremka upande ule usiosikia kitu. Domi akanitazama: sasa umesikia, amenipa mimi kazi hiyo kwa jina.  Nimeanza kufunga nguo zake. Mashati mawili, sweta, rozari, kikombe chake cha mdomo mpana.

Ijumaa, 16 Februari

Saa tano na nusu, chumba cha walimu. Naandika upesi, nina kipindi saa sita.

Nilikuwa nasahihisha interro, jaribio la darasa la tano. Nimefika karatasi ya Syntiche. Maelezo yote sawa, mazuri hata — "wabebaji wanatembea na mzigo wao", maneno ya baba! — lakini fomula ya chumvi ameandika ClNa. Klorini mbele, sodiamu nyuma. Nimekata kwa wino mwekundu, nimeandika NaCl pembeni, nimeondoa nusu alama. Nikageukia karatasi inayofuata.

Nikarudi. Nimeitazama ile ClNa. Kosa, ndiyo. Lakini ni kosa la mpangilio tu. Ukila, ni chumvi. Chumvi ileile.

Domi. Mama.

Mama Domi.

Mungu wangu. Mama Domi! Ndivyo alivyomwita mke wake miaka yote, hakuwahi kumwita Béatrice hata siku moja. Mama Domi leta munyu. Mama Domi ovaroli iko wapi. Docteur alituambia maneno yatatoka ovyo! Hakuwa akimpa Domi kazi. Alikuwa akitafuta jina zima, na jina limetoka kinyumenyume. Na kabla ya hapo alikuwa na nusu yake tu: mama. Kwa mama. Anataka kwa mke wake!

Sisi ni watoto wa aina gani? Tumehangaika na mama yake aliyekufa 1991. Tumehangaika na bamba la shaba. Mama tumefikiria wote, isipokuwa wetu. Baba alisema jina lisitajwe, tukalizika kabisa hata yeye mwenyewe alipolifukua hatukulisikia.

Au ninajidanganya tena? Jumamosi iliyopita pia niliandika NIMEPATA kwa herufi kubwa. Inaweza kuwa Domi yuko sawa, kwamba ni "Domi, nipeleke kwa mama". Maneno mawili, na kila mmoja wetu anayasoma anavyopenda. Nimemrudishia Syntiche nusu alama yake. Sijui kama mwalimu mwema angefanya hivyo.

Kengele.

Saa kumi. Nimempigia Domi. Nimemweleza yote. Amejibu: camion inapakia kesho saa nne. Kama nataka kwenda Naviundu, niende mwenyewe, yeye hawezi kumwambia mwanamke yule jambo kama hili halafu iwe si kweli. "Alishaka kungojea yeye pia, Virgi. Weye haujue." Alingoja nini? Hakuniambia.

Jumamosi, 17 Februari

Naviundu. Naandika juu ya goti, sebuleni kwake. Yuko chumbani anabadilisha nguo.

Nilifika saa mbili na nusu. Niliuliza njia mara tatu, aibu iliyoje, kuuliza wageni nyumba ya mama yako. Alikuwa uani anafua. Amekuwa mdogo. Au mimi nilimbeba kichwani akiwa mkubwa mno. Tulitazamana. "Ni Virginie?" "Ni mimi, maman." Neno lilitoka lenyewe.

Alikausha mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuuliza kwa nini nimekuja baada ya miaka yote hii. Aliuliza nimekunywa chai? Ukutani kwake kuna picha yangu ya graduation. Sikumpa mimi. Domi! Nilishindwa kuiangalia, nikaangalia sakafu.

Nikamwambia. AVC, maneno machache, kwa mama, camion ya Mitwaba. Alisikiliza akikunja taulo. Aliuliza vitu vidogo tu. Nani anamnyoa? Bado anakataa uji wa soya? Mkono upi umekufa — kulia? Akasema: "Yule alikuwa anafanya yote na kuume." Kisha akaniambia, bila mimi kuuliza, kwamba mwaka 1999 alirudi. Alisimama langoni Likasi na mfuko. Baba alikuwa amekaa barazani, aliona, hakusimama. "Mi nilisema, akiniita, ninaingia. Hakuniita." Alingoja mpaka siren ya jioni ya kiwanda, akaondoka na basi. Mimi nilikuwa ndani siku hiyo? Lazima nilikuwa ndani. Nilikuwa napika.

Halafu akainuka, akasema ngoja nivae.

Domi amepiga simu mara mbili. Camion imefika Kasungami, matela imeshapandishwa, chauffeur anataka kupita Likasi kabla ya mvua. Nimemwomba saa moja. Amesema nusu. Nyuma yake nimemsikia baba akisema kitu, sikukishika.

Mama amefungua mlango wa chumba. Kitenge cha bluu, blauzi yake haijafungwa kifungo cha juu, kilemba kiko mkononi. Hatoki. Amesimama kwenye kizingiti.

"Virginie. Aliita jina yangu? Alisema Mama Domi? Ao ni tu mama? Juu mama, kila mutu iko naye. Siwezi kuingia mu ile nyumba kama ni mama mwingine njo anaita. Nilishasimamaka ku mulango mara moya."

Nimemwambia ngoja, maman, nimalize kuandika hapa. Uongo mtupu. Kalamu inatembea ili mdomo usitembee.

Alisema Domi. Kisha akavuta pumzi. Kisha akasema mama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, niliandika mwenyewe Jumatano. Ni kugeuza maneno mawili tu. Hakuna atakayejua isipokuwa mimi na Domi, na Domi hatasema.

Simu inaita tena. Mama ameuliza mara ya pili.